UZI: Mlei anayekaa na mtu mmoja mwenye shida, saa moja kila wiki. Kazi yake hasa ni ipi?

Mwandamani (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Nyuzi nyingi za makanisa humu zinaishia kwenye sadaka na miujiza, watu wanatukanana, uzi unafungwa. Leo naleta kazi isiyo na kipaza sauti. Muumini wa kawaida, si mchungaji, si padri, si mwanasaikolojia, anaunganishwa na mtu mmoja aliyefikwa na jambo: kafiwa, kaachika, kapoteza kazi, anauguza mzazi asiyemtambua tena, katoka gerezani. Anakwenda kukaa naye kama saa moja kila wiki, miezi kwa miezi, pengine hata mwaka upite. Halipwi. Hahubiri. Ushauri hatoi asipoombwa, na hata akiombwa hakimbilii kuutoa.

Mimi naratibu huduma ya namna hii, kwa hiyo nina upande wangu. Nauweka mezani mapema ili anayenipinga ajue anapinga nini: huduma hizi hazifi kwa kukosa upendo. Upendo upo mwingi, hasa mwezi wa kwanza. Zinakufa kwa sababu tunamtwisha mhudumu siri na vilio vya watu, halafu hakuna anayemuuliza yeye anaendeleaje.

Mfumo uliosambaa kuliko yote ulianzia St. Louis, Marekani, mwaka 1975. Kenneth Haugk, mchungaji wa Kilutheri ambaye pia alisomea saikolojia ya tiba, aliona wahitaji usharikani wamemzidi, akawafundisha waumini 9 wamsaidie. Wanaitwa Stephen Ministers, kwa jina la Stefano wa Matendo ya Mitume 6, yule aliyechaguliwa na wenzake sita baada ya malalamiko kwamba wajane wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mafunzo ni takriban saa 50. Baada ya hapo mhudumu anaonana na mtu wake kila wiki, na mara mbili kwa mwezi anakaa na wahudumu wenzake kwa usimamizi. Sasa umeenea kwenye maelfu ya sharika za madhehebu tofauti.

Silazimishi mtu afuate mfumo huo. Lakini piga hesabu: kwa kila mara nne anazokaa na mhitaji, mara mbili anakaa na wenzake naye asikilizwe. Sharika zikianza kubana muda, hicho kikao cha wenzake ndicho kinachokatwa kwanza. Subiri mwaka uishe, utasikia "wale wahudumu wetu walipoa tu, hatujui kwa nini".

Tiririkeni.

Mti_Mkavu

Mkuu, mimi sielewi. Hiyo si kazi ya mchungaji? Tunamtunza ili afanye nini? Mnamgeuza muumini mchungaji msaidizi wa bure halafu mnaiita huduma.

Mwandamani

Mti_Mkavu, swali halali. Tuanze na Kutoka 18. Musa anakaa kuamua watu tangu asubuhi hata jioni, mkwewe Yethro anamtazama, anamwambia waziwazi: utachoka wewe na hawa watu nao watachoka, jambo hili limekuzidi. Angalia vizuri, Yethro hakumhurumia Musa peke yake. Waliosimama foleni nao walikuwa wanaumia. Na Waefeso 4 inasema wachungaji na waalimu walitolewa ili watakatifu wakamilishwe, kazi ya huduma itendeke. Kwa hiyo kumwandaa muumini ndiyo kazi yenyewe ya mchungaji. Siyo kuikwepa.

Ila kuna jambo lingine zaidi ya uchovu wa mchungaji, na hapa nitoke kidogo kwenye Biblia. Chad Varah alikuwa kasisi wa Kianglikana Uingereza. Mwaka 1935, akiwa bado kijana kwenye kazi, alimzika binti wa miaka 14 aliyejiua. Binti alikuwa ameanza hedhi, hana wa kumuuliza, akadhani amepata ugonjwa wa zinaa. Mwaka 1953 Varah akiwa London, kanisa la St Stephen Walbrook (Stefano huyohuyo tena), akafungua namba ya simu kwa watu wanaofikiria kujiua. Watu wakapiga, na wengine wakaja wenyewe. Wakati wanasubiri zamu yao ya kumwona, watu waliokuja kujitolea walikuwa wanakaa nao na kuzungumza.

Varah akaona jambo ambalo hakulipanga. Wengi waliomaliza kuzungumza na wale wa kujitolea waliondoka bila kumhitaji yeye. Mwanzoni mwa 1954 akawakabidhi wao kazi ya kusikiliza, yeye akabaki kuwachagua na kuwasimamia. Ndio wakawa Samaritans. Leo si shirika la dini, na anayejitolea hapo haruhusiwi kuhubiria anayepiga simu. Lakini chimbuko lake ni watu wa kawaida kwenye chumba cha kusubiria.

Mchungaji ana cheo. Kuna mambo mtu hawezi kumwambia mtu atakayemwona madhabahuni Jumapili.

binti_sayuni

Mimi ni mmoja wa waliohudumiwa, naomba niseme.

Mume wangu alipofariki, nyumba ilijaa watu. Baada ya maziko ikabaki simu, na simu nazo zikapungua. Si kosa la mtu, kila mmoja ana maisha yake. Kilichonichosha kilikuwa maneno. "Usilie, yuko mahali pazuri." "Mungu hakupi mzigo usioweza kuubeba." "Wewe bado kijana." Nilianza kujificha watu wasinifariji.

Usharika ukaniuliza kama ningependa dada mmoja awe anakuja. Nikakubali kwa adabu tu. Alikuja Alhamisi, akaja Alhamisi iliyofuata, akaendelea hivyo. Hakuwa msemaji. Siku moja alinikuta nimetoa mashati yote ya marehemu kabatini, nimeyarundika kitandani, nimeganda. Mtu mwingine yeyote angeniambia ni wakati wa kuyagawa, au angeanza kunikunjia. Yeye aliuliza: "Tuyakunje, tuyarudishe, au tuyaache hivyo kwanza?" Nikamwambia tuyaache. Tukakaa pembeni yake. Nikaanza kumweleza shati moja moja lilivaliwa wapi. Lile la bluu nilicheka kwa sababu alilichukia, alilivaa kwa ajili yangu tu.

Wiki ile ndiyo niliyolala usiku mzima kwa mara ya kwanza. Sijui kwa nini, ila ndivyo ilivyokuwa.

Mwandamani

binti_sayuni, pole sana dada, na asante. Nitaomba ruhusa yako niitumie hiyo kwenye mafunzo, bila jina lako.

Wakuu rudieni swali la yule dada. Hakusema "usijali" wala "unapaswa". Alitoa njia tatu akamwachia mwenye msiba achague, na ya tatu ilikuwa kutofanya lolote. Mtu aliyefiwa hupangiwa mambo mengi sana na watu wanaompenda. Kurudishiwa uamuzi mmoja, hata wa mashati, si kitu kidogo.

Wanaosema kukaa kimya na mtu ni uvivu wasome Ayubu 2. Rafiki zake watatu waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, hakuna aliyetamka neno, kwa kuwa waliona mateso yake ni makuu mno. Hapo walikuwa wahudumu bora kabisa. Waliharibu walipofungua midomo kutafuta sababu. Kuanzia sura ya 4 kitabu kizima ni watu wenye theolojia iliyonyooka wakimtesa mgonjwa, na mwishoni Mungu anawakasirikia wao, siyo Ayubu aliyelalamika.

Kwenye mafunzo tunatumia muda mrefu kwenye sentensi za kwanza tu. Mtu anasema: "Naona Mungu amenisahau." Mkristo mwema anarukia: "Hapana, usiseme hivyo, Mungu hamsahau mtu!" Ni kweli tupu, na mlango umefungwa. Hatamwambia tena. Tunamfundisha mhudumu aseme: "Ulianza lini kuona hivyo?" Wapya wanaona kama wanaikana imani. Inachukua muda mpaka waelewe kwamba Zaburi kadhaa za maombolezo zinasema hilohilo, na Daudi hakukatizwa.

Hakimu_Mstaafu

Yote mazuri. Ila mnaruka jambo linalotufanya wengine tusimguse mtu wa kanisa hata kwa fimbo: SIRI.

Nilipitia tatizo la ndoa. Nikamwamini ndugu mmoja wa huduma. Haikupita muda nikasikia habari yangu kwenye kikundi cha maombi, imeletwa kwa unyenyekevu kabisa: "tumwombee ndugu yetu mmoja, hatutamtaja, nyumba yake inayumba, mkewe ameondoka na watoto". Hawakunitaja kweli. Haikuhitajika. Nilihama usharika.

Mwandamani

Mzee wangu, pole. Na hilo ndilo linaloua huduma hizi haraka kuliko jingine. Umbea wa mtaani mtu anajua ni umbea, anaushusha sauti. Umbea uliovalishwa nguo ya maombi unasemwa kwa sauti, na unaitikiwa amina.

Kanuni tunayoisimamia haina nyama nyingi: yanayosemwa kati ya wawili hayatoki. Si kwa mwenzi wa mhudumu, si kwa mchungaji, si kwenye maombi. Hata kwamba fulani anahudumiwa ni siri, ndiyo maana mhudumu akikutana na mtu wake hadharani anamsalimia kama anavyowasalimia wengine na hamuulizi "unaendeleaje" kwa ile sauti ya huruma. Milango inayofunguka ni michache na mtu anaambiwa siku ya kwanza kabisa, kabla hajasema lolote: ukiwa katika hatari ya kujidhuru, ukitaka kumdhuru mtu, au mtoto akiwa anatendewa ubaya. Hapo lazima wahusika wajue. Kumwahidi mtu siri ya asilimia mia halafu ukaivunja akiwa ameshafunguka ni usaliti. Afadhali ajue mpaka uko wapi, aamue mwenyewe aseme nini.

Sasa utaniuliza: kama hayatoki, kile kikao cha usimamizi wanazungumza nini? Wanamzungumzia mhudumu. Nitawaonyesha kinavyokwenda. Watu kama sita, wamekaa duara, mlango umefungwa. Mmoja anasema: "Mtu ninayemtembelea amenifokea wiki hii, nikatoka nimekasirika, nimeanza kutafuta visingizio nisirudi." Jina hakuna, mtaa hakuna, ugonjwa haujatajwa kama unaweza kumtambulisha. Wenzake hawaulizi "alisema nini?" Wanauliza: "Wewe ulijibu nini? Hasira hiyo umewahi kuijua wapi?" Kimya. Halafu anasema: "Baba yangu alikuwa anafoka hivyo." Basi. Wiki inayofuata anarudi kwa mtu wake akijua anayemfokea si baba yake.

Mhudumu asiye na chumba kile atayatoa mahali pengine tu. Binadamu hawezi kubeba kilio cha mtu kila wiki bila kukitua popote. Yule ndugu aliyekupeleka kwenye maombi simtetei, ila naweza kukuhakikishia hakuwa na mahali pa kutulia mzigo, na huenda hakuna aliyewahi kumfundisha kutofautisha.

Hakimu_Mstaafu

Hoja ya chumba nimeielewa. Bado sijarudi kanisani, lakini nimeielewa.

Nesi_wa_Usiku

Naingia kama mtu wa hospitali. Nawaheshimu hawa wa kujitolea, nimewaona wodini wakifanya ambacho sisi hatuna muda nacho. Na ushahidi upo kwamba mtu asiye mtaalamu akifundishwa na kusimamiwa anasaidia kweli. Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii, si wataalamu wa akili, wanakaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Utafiti wao uliochapishwa 2016 kwenye jarida la JAMA, uliohusisha watu 573 mjini Harare, ulionyesha waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache zaidi za sonona baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Hiyo si huduma ya kanisa, lakini mfano wa mlei ni uleule. Na bibi wale wanasimamiwa, hapo nakubaliana na mleta mada.

Mnisikilize kwa mawili. La kwanza: msimwambie mtu aache dawa. Nimepokea wagonjwa wa kifafa na wa akili walioacha dawa kwa sababu mtu aliwaambia imani yao ni ndogo. Mhudumu anayesema hivyo aondolewe siku hiyohiyo.

La pili, kujiua. Wengi wanaogopa kuuliza wakidhani wataitia fikra kichwani mwa mtu. Utafiti haujaonyesha hivyo. Kuuliza waziwazi, "Unafikiria kujiua?", hakumpandikizii wazo, mara nyingi kunampa nafuu kwamba hatimaye mtu ameliona. Usiulize kwa kuzungukazunguka kama "hufikirii mambo ya kijinga, sivyo?" Hapo umemfundisha jibu. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na mfikishe kwa wataalamu siku hiyo. Usisubiri kikao cha wiki ijayo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2011 mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, mambo yake makuu ni matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Watu wa kanisa wanafanya vizuri la pili. La tatu ndilo wanaloshindwa, wanataka kumponya wenyewe.

Mwandamani

Sister, umemaliza. Naongeza dogo tu: kila mhudumu wetu anatakiwa awe na karatasi yenye namba za kupiga kabla hajakutana na mtu yeyote. Hospitali, ustawi wa jamii, polisi, mtaalamu wa uraibu. Usiku wa saa nane si wakati wa kuanza kuulizana nani anamjua daktari.

Na kumpeleka mtu kwa mtaalamu hakumwondoi mhudumu. Anaendelea kwenda. Wengi wanaopelekwa hospitali wanaona wametupwa, kwa hiyo ile saa moja ya kila wiki inakuwa na maana zaidi hapo.

Kijana_wa_Zamani

Nina maswali mawili ya haraka. Mwanamume anaweza kumhudumia mwanamke? Na mtu akianza kukopa hela?

Mwandamani

La kwanza, hapana. Wapo wanaoona ni ushamba, hata wahudumu wangu wazuri wamelalamika. Lakini mtu aliyevunjika moyo, akipata mtu mmoja duniani anayemsikiliza saa nzima bila kutazama simu, anaweza kumpenda. Ni jambo la kibinadamu kabisa. Tunawaepusha wote wawili.

La pili, hela haipiti mkono kwa mkono. Si kwa uchoyo. Ukimkopesha, ziara ijayo atakuwa anakutana na mdai wake. Usharika uwe na mfuko wake na mtu mwingine wa kuushughulikia, mhudumu amwelekeze huko tu.

Hukuuliza, lakini nitalisema kwa kuwa linatusumbua kuliko hayo mawili: mwisho. Kuanza ni rahisi, kumaliza hakuna anayependa. Mtu amesimama, anacheka, amerudi kazini, na zile ziara zimekuwa za kupiga soga. Mhudumu anafurahia soga. Anayehudumiwa anaona aibu kusema inatosha. Wakati huohuo kuna mwingine aliyefiwa juzi hana mtu. Kwa hiyo tunaanza kulitaja jambo hilo mapema, "naona mambo yamebadilika, wewe unaonaje?", tunaachanisha ziara zikawa za wiki mbili mbili, halafu wanapanga wenyewe siku ya kuagana. Wanaagana kweli, siyo kupotezana. Mtu aliyefiwa au kuachwa amezoea watu kuondoka bila kuaga. Huyu mmoja aage.

binti_sayuni

Mimi ndiye niliyemwambia dada yangu inatosha. Aliniuliza mara mbili kama nina uhakika, kisha akafurahi. Sasa hivi tunaonana kwenye kwaya tu, na yeye ni sauti ya pili mbaya kweli 😂

Mti_Mkavu

Haya mkuu, nilikuja kupinga, nimekwama. Tuko watu wanne kwetu tunaotaka kujaribu. Tunaanzia wapi? Tutangaze Jumapili?

Mwandamani

Msitangaze. Mkitangaza mtapata wahitaji kumi kesho yake na hamna hata mmoja aliyeandaliwa.

Zungumzeni na mchungaji wenu kwanza, muwe na baraka yake na mkubaliane naye kuhusu siri: asije akakuuliza "yule mama anaendeleaje" ukaona aibu kumnyima jibu. Tafuteni mtu wa kuwasimamia, nesi mstaafu, mnasihi, mtu aliyezoea kazi ya watu. Halafu mkae ninyi wanne kwa miezi kadhaa mkijifunza kwa kusikilizana wenyewe. Mmoja aeleze jambo lake la kweli kwa dakika ishirini, mwingine asikilize bila kushauri, wawili watazame. Mtashangaa ni vigumu kiasi gani. Kuna atakayegundua hawezi, na aruhusiwe kutoka bila kusemwa. Atakayebaki akitaka kuhudumia kwa sababu ana hamu ya kusimulia msiba wake mwenyewe, mumsikilize ninyi kwanza.

Wahitaji watatajwa na mchungaji. Mmoja kwa mmoja.

Mti_Mkavu

Na kama huyo mhitaji hataki mtu wa kanisa nyumbani kwake?

Mwandamani

Hapelekewi. Anaulizwa kabla, na mtu mwingine, siyo mhudumu mwenyewe, ili asione haya kukataa. Akikataa, anaulizwa mara moja tu kama angependa kuulizwa tena baadaye. Akisema hapana, jina lake linatoka kwenye orodha, na hakuna kikundi chochote cha maombi kinachoambiwa.